Mheshimiwa Hakai Kiti cha Mwanafunzi

ZUHURA: Karibuni tena, ndugu wasikilizaji. Kwa leo nimeandaa maswali matano ambayo mtu anapaswa kujiuliza kabla ya kuchagua seti ya kujenga ndege ya ghorofa, yaani yenye bawa juu ya bawa, ya kurushwa kwa rimoti, na karatasi ya maswali hayo iko mbele yangu. Hata hivyo, kaka Bakari ameingia studioni akiwa amempakata rubani wa plastiki mwenye shingo iliyogundishwa, na sioni namna ya kuanza bila kumtambulisha mgeni huyo.

BAKARI: Asante, dada Zuhura. Huyu ni Mheshimiwa, na nimempata kwa njia ya ajali. Jumamosi mwenzetu mmoja alinikabidhi rimoti ya ndege yake ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, ili nami nionje. Kwa dakika sita niliiona kuwa tulivu kuliko ndege yangu ya bawa moja, mpaka nilipoielekeza kutua, mkono wangu ukafanya jambo uliolizoea kwa miaka minne: ukazima mota ili ndege ije ikielea yenyewe.

ZUHURA: Nayo ikaelea?

BAKARI: Ilikwenda chini kama ndoo iliyokatikiwa na kamba kisimani. Gurudumu moja lilinipita likiviringika, na kichwa cha Mheshimiwa kikalifuata.

ZUHURA: Wasikilizaji wetu wa siku nyingi wanajua kwamba nimekwisha kukuonya mara tatu kuhusu jambo hilo. Ndege ya ghorofa ina mabawa mawili, nguzo zinazoyaunganisha na nyaya zinazokatiza katikati yake, na kila kimoja kati ya vitu hivyo huikwaruza hewa, kwa hiyo mwendo wake hupotea mara tu nguvu inapoondolewa. Inapotua, mota huachwa ikizunguka kidogo hadi magurudumu yaguse ardhi.

BAKARI: Nililikumbuka onyo hilo nilipokuwa nikiokota kichwa. Mwenye ndege alikubali nigharimie vipande vilivyovunjika, lakini rubani alinikabidhi akisema kwamba aliyemvunja shingo ndiye amtafutie ndege nyingine. Ndiyo maana sasa nachagua ndege itakayomfaa Mheshimiwa.

ZUHURA: Unataka kusema kwamba utamchagua rubani kwanza, kisha ndege ndiyo imfuate?

BAKARI: Usicheke, kwa sababu hesabu yake ni safi kabisa. Mheshimiwa ana urefu wa sentimita 30. Tukimchukulia kuwa mtu wa sentimita 180, basi amepunguzwa mara 6, na ndege yake haina budi kupunguzwa mara 6 vilevile. Sopwith Camel halisi, yaani Ngamia, ile ndege ya vita, ilikuwa na upana wa mita 8.53 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, kwa hiyo ya kwangu itakuwa na sentimita 142, kipimo ambacho kinaingia garini na hakiyumbishwi na kila kijiupepo. Nikichukua seti iliyopunguzwa mara 4, ndege itazidi mita 2, naye ataonekana kama mtoto wa mita 1.2 aliyeiba ndege ya baba yake.

ZUHURA: Nakiri kwamba nimesikia sababu mbaya zaidi za kuchagua ukubwa wa ndege. Watu wengi hununua boksi kwa kuvutiwa na picha iliyo juu yake, kisha hugundua kwamba ndege iliyokamilika haipiti mlangoni. Lakini nisichokikubali ni hilo jina ulilolitaja haraka haraka katikati ya hesabu. Kwa nini Ngamia?

BAKARI: Kwa sababu ndiyo ninayoipenda. Iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1916, ikaingia vitani mwaka 1917, na jina lake lilitokana na nundu iliyofunika bunduki mbili mbele ya rubani. Nimeitazama picha yake tangu utotoni. Mtu atakayekaa miezi kadhaa akikata na kugundisha mbavu za balsa, ule mti mwepesi, tena mbavu mara mbili kwa kuwa mabawa ni mawili, lazima awe anajenga kitu kinachomwamsha usiku.

ZUHURA: Nami nasema kwamba ndege yako ya kwanza ya ghorofa iwe de Havilland Tiger Moth, yaani Nondo, ambayo iliruka mara ya kwanza mwaka 1931 na ilitengenezwa kwa ajili ya kufundishia watu kuruka. Tazama kwanza pua za ndege hizi mbili. Ngamia ina pua fupi mno kwa sababu injini yake ilikuwa nzito na ya duara, na rubani, bunduki na mafuta vilisongamana mara tu nyuma yake. Sisi tunaweka mota ndogo ya umeme mahali pa injini ile nzito, tunajenga mkia wa mbao, kisha tunashangaa kwamba ndege inaketi kwa matako. Mwishowe utalazimika kuijaza risasi, yaani yale madini mazito, puani ili kitovu cha uzito kirudi mahali pake.

BAKARI: Ngamia ya vita nayo ilibeba risasi puani, kwa hiyo nitakuwa nimezingatia historia.

ZUHURA: Ile ilizifyatua, kaka. Ya kwako itazibeba daima, na kila gramu unayoiongeza puani ni gramu ambayo mabawa yanapaswa kuinyanyua na magurudumu yanapaswa kuistahimili siku utakapozima mota tena.

BAKARI: Betri nitaisukuma mbele kabisa, nyuma ya mota. Pia tuseme ukweli kuhusu sifa mbaya ya Ngamia. Ile halisi iliwatesa marubani wanagenzi kwa sababu injini yake ilizunguka yote pamoja na propela, na uzito ule unaozunguka uliivuta ndege pembeni kila ilipogeuzwa. Mota yangu ndogo haina tabia hiyo. Unaihukumu ndege yangu kwa makosa ya injini ambayo haimo.

ZUHURA: Injini haimo, lakini pua fupi imo na mkia mfupi umo. Nondo ilikuwa na injini ya silinda nne zilizopangwa kwa mstari, kwa hiyo pua yake ni ndefu na betri inapata mahali pa kukaa. Zaidi ya hayo, vibawa vya kuilaza ndege upande viko kwenye bawa la chini peke yake, hivyo unahitaji servo, yaani vimota vya kusogeza vibawa, mbili tu na huhitaji vijiti vya kupeleka mwendo hadi bawa la juu.

BAKARI: Bawa la juu la Nondo limesogezwa mbele ili abiria wa mbele aweze kutoka, na mabawa yote mawili yakalazwa nyuma kidogo ili kurudisha mizani. Nani atayapanga hayo mezani? Bawa la juu la Ngamia limenyooka kabisa kutoka ncha hadi ncha. Linajengwa juu ya meza tambarare kwa kipande kimoja, na ni bawa la chini pekee lililoinuliwa kwenye ncha. Kwa mjenzi, Ngamia ndiyo nyepesi.

ZUHURA: Hiyo ni hoja nzuri, na ndiyo hoja yako ya kwanza leo ambayo haikutoka kwa Mheshimiwa. Lakini meza utaiaga siku moja. Hewani ndiko utakakobaki.

BAKARI: Kwangu ni kinyume. Mezani nitakaa miezi, hewani dakika sita.

ZUHURA: Basi hapo hatutaafikiana, na tusiwapotezee wasikilizaji muda. Nirudi kwenye swali langu la kwanza, ambalo linahusu nguzo za katikati zinazolishika bawa la juu. Kabla ya kununua seti yoyote, tafuta picha za ujenzi wake uone nguzo hizo zinafungwaje. Seti nzuri hukupa nguzo za chuma zilizokwisha kukunjwa, au kiolezo cha plaiwudi kinachozishikilia wakati gundi inapokauka, kwa sababu pembe ya bawa la juu ikitofautiana na iliyokusudiwa hata kwa digrii moja, ndege itakuwa ikiinua au kuinamisha pua kila unapobadilisha nguvu ya mota, nawe utailaumu rimoti. Seti mbaya hukupa waya mnyoofu na mchoro, ikakuachia mengine.

BAKARI: Na Mheshimiwa atakaa wapi kwenye hiyo Nondo?

ZUHURA: Nilitegemea kwamba tumemwacha. Atakaa kiti cha nyuma. Rubani wa Nondo akiruka peke yake hukaa nyuma, kwa kuwa kiti cha mbele kiko karibu na kitovu cha uzito, na kikibaki kitupu mizani haibadiliki sana.

BAKARI: Na wakiwa wawili, mwalimu hukaa wapi?

ZUHURA: Mbele.

BAKARI: Kwa hiyo kiti cha nyuma ni cha mwanafunzi. Samahani, dada yangu, lakini mtu aliyepona kuvunjika shingo hawezi kurudishwa darasani, tena kwa mwalimu asiyekuwepo.

ZUHURA: Ikiwa itifaki ndiyo inayokusumbua, nina habari mbaya zaidi. Rubani mzima wa sentimita 30 ni mzigo, na wajenzi wengi humkata kifuani na kuacha sehemu inayoonekana tu. Kwenye Ngamia yako yenye pua fupi, uzito wake utakuwa nyuma ya kitovu cha uzito, kwa hiyo miguu yake, ambayo hakuna atakayeiona, itakudai risasi nyingine puani.

BAKARI: Hakuna atakayemkata Mheshimiwa.

ZUHURA: Basi mkwangue ndani abaki na hewa tu. Ni plastiki.

BAKARI: Nitalifikiria hilo akiwa hayupo. Kuna wasikilizaji watakaopendekeza tukutane katikati na nijenge Fokker D.VII ya mwaka 1918, ambayo mabawa yake manene yalijibeba yenyewe bila nyaya za nje, na ambayo ilitajwa kwa jina katika mkataba wa kusitisha vita wa mwaka huo.

ZUHURA: Ningeipokea kwa mikono miwili! Bila nyaya unaipanga uwanjani haraka, na kuna kitu kimoja pungufu cha kukatika.

BAKARI: Mimi siitaki, maana nyaya ndizo zinazonifanya nitake ghorofa. Nataka nyaya za kweli, zilizokazwa, zinazobeba mzigo, si uzi wa mpira wa kudanganyia macho.

ZUHURA: Swali langu la nne lilikuwa juu ya nyaya hasa. Ukizifanya zibebe mzigo, utazifungua na kuzifunga kila unaposafirisha ndege, nawe ni mtu anayechoka kufunga mabawa mawili ya kawaida. Uzi wa mpira unavutika, unaonekana vizuri kutoka mbali, na haukudai chochote ikiwa seti imewekewa boriti imara ndani ya mabawa.

BAKARI: Unaonekana vizuri kwa asiyejua.

ZUHURA: Kutoka mita 50 hewani, kaka Bakari, sisi sote ni wasiojua.

BAKARI: Mheshimiwa atakuwa sentimita 10 kutoka kwenye nyaya hizo, naye atajua.

ZUHURA: Naona saa ya ukutani inanitazama. Tumegusa swali la kwanza, tumerukia la nne kwa bahati, na bado la pili, la tatu na la tano, ambalo lilikuwa juu ya uzito uliotajwa kwenye boksi na sababu za kutouamini. Hayatawezekana leo. Niseme tu kwamba msimamo wangu ni Nondo.

BAKARI: Na wangu ni Ngamia, sentimita 142, na rubani mzima.

ZUHURA: Basi mnyanyue huyo rubani mzima kutoka kwenye karatasi yangu, kwa maana gundi ya shingo bado haijakauka na sasa amegandana na swali la tatu.