Bwana Shamba Kati ya Amri na Ushauri

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie historia ya idara ya kilimo nchini Tanzania, nami nitaitazama kupitia mtumishi wake mmoja, bwana shamba, kwa kuwa ndiye serikali ambayo mkulima huiona ikiingia shambani kwake.

Utafiti ulitangulia. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, wakajaribu huko mimea iliyowafaa wenye mashamba makubwa. Mkulima mdogo hakuwamo katika hesabu ile ila kama kibarua. Waingereza, walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, waliunda Idara ya Kilimo, na katika miaka ya 1930 kikaanza kituo cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, ambacho kwa maoni yangu ndicho heshima kubwa ya idara hiyo: kilitoa mbegu za pamba zenye majani ya vinyweleo, ambayo wadudu wafyonzaji huyashindwa, na Wasukuma wakazipokea kwa sababu waliona faida.

Upande wa pili wa idara ulionekana Uluguru, Morogoro. Kuanzia mwaka 1950 wakulima wa milima ile waliamriwa wachimbe matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko, kazi isiyo na ujira, na asiyechimba alishtakiwa. Hofu ya mmomonyoko ilikuwa ya haki, maana miteremko ni mikali na mvua ni kubwa, lakini dawa ndiyo iliyokosewa: udongo wenye rutuba pale ni tabaka jembamba, hivyo kuchimba ngazi kulifukia ule mzuri na kuuleta juu ule usio na rutuba, mazao yakadhoofu. Mwezi Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilivuna wafuasi kutokana na manung'uniko ya namna hiyo.

Mtu angetazamia kwamba uhuru ungeiondoa amri shambani. Haukuiondoa. Baada ya tamko la Siasa ni Kilimo la mwaka 1972, lililotolewa Iringa, na baada ya ukame uliofuata, ilikuja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na sheria ndogo za wilaya zikamlazimisha kila mtu alime ekari kadhaa. Bwana shamba, aliyesomea mbegu na mbolea, akajikuta akihesabu ekari za watu (na mabwana shamba wengi, niseme kwa haki, hawakuipenda kazi hiyo).

Leo bwana shamba, ambaye sasa huitwa ofisa ugani, huajiriwa na halmashauri, ilhali sera hubaki wizarani na utafiti uko chini ya TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kwa hiyo shauri jema huweza kupotea njiani kabla halijafika kijijini. Mwaka 2022 maofisa hao waligawiwa pikipiki pamoja na vifaa vya kupimia udongo. Nilipovisikia vifaa hivyo nilikumbuka Uluguru: kipimo kama hicho kingeionyesha idara hali ya udongo ule kabla ya tuta la kwanza kuchimbwa, ingawa wenye mashamba walikuwapo na wangeweza kuulizwa.