Bima Kubwa Si Mwavuli

Habari za jioni ndugu zangu. Kwenye tangazo tuliwaomba mje na ukurasa wa mbele wa bima zenu za gari, ule wenye jina lako, gari lako na safu ya tarakimu. Naona wachache mmeushika mkononi, wengine mnautafuta kwenye simu. Kaeni nao karibu. Swali la kununua au kutonunua bima ya mwavuli, ile ya ziada inayoendelea kulipa pale bima ya gari au ya nyumba inapofika kikomo, linaanzia kwenye karatasi hiyo.

Nilifanya uwakala wa bima hapa Ohio miaka 11, na sasa siuzi kitu. Katika miaka yote hiyo maneno niliyoyasikia kuliko mengine ni haya: "Mimi nina bima kubwa." Tumeyatoa nyumbani. Bongo kuna bima ndogo, inayomlipa mtu wa tatu, na kuna bima kubwa, inayolipa hata gari lako mwenyewe. Tukifika Marekani tunakuja na hesabu hiyohiyo. Benki iliyotukopesha gari inadai gari likatiwe bima ya ajali na wizi, tunalipa, tunajiambia tumekata bima kubwa, mambo yamekwisha.

Hayajaisha! Ukubwa huo ni wa gari lako. Ukishamgonga mtu, gari lako linakuwa jambo la pembeni kabisa. Kinachoulizwa ni kampuni yako itamlipa majeruhi mpaka kiasi gani. Tazameni karatasi, tafuteni tarakimu zilizotengwa kwa mkwaju, alama hii: /. Kima cha chini cha sheria hapa Ohio ni 25/50/25. Yaani dola 25,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 50,000 kwa wote walioumia hata wakiwa sita, na 25,000 kwa mali uliyoiharibu. Unaweza kuwa na bima inayokubadilishia hadi kioo kilichopasuka, na bado tarakimu zako zikawa hizo. Mama hapo mbele anatikisa kichwa, nadhani ameziona zake.

Kuna kaka mmoja, muuguzi, alinijia ofisini jioni moja bado amevaa nguo za kazi. Alikuwa na bahasha ya kahawia, akaitua mezani bila kuifungua. Miezi minne nyuma alikuwa amekata kona kushoto kwenye taa, jua likimpiga usoni, hakumwona mwendesha pikipiki aliyekuwa akija mbele yake. Kijana yule alivunjika nyonga na mguu, akapasuliwa mara tatu. Gharama za hospitali zilivuka dola 300,000 kabla hajatoka kitandani, na hapo hujahesabu mshahara aliokosa wala maumivu. Kaka yangu huyu bima alijikatia mwenyewe kwenye intaneti, akachagua mstari wa bei ya chini. Nikamwomba karatasi. Akaweka kidole juu ya 25, akakiacha hapohapo, akaniuliza, "Hii si ni kwa kila mwezi?"

Sikuwa na la kumjibu ila ukweli. Ni mara moja, kwa mtu mmoja.

Kampuni yake ilikuwa tayari kutoa zile 25,000 zote. Wakili wa majeruhi akakataa. Rekodi za ardhi za kaunti ziko wazi kwa yeyote, na alikuwa ameshaona kwamba mtu huyu ana nyumba aliyoilipia miaka tisa. Walivutana karibu miaka miwili. Mwishoni kaka yule alikopa dola 70,000 kwa dhamana ya nyumba, akaziongeza juu ya pesa za bima ili kesi ifungwe. Na yule kijana? Anatembea kwa kuchechemea, na bado anadaiwa na hospitali. Nawaomba mlishike hilo. Tukizungumzia bima ya mwavuli tunazungumza kana kwamba ni ukuta wa kujikinga na watu wenye tamaa. Aliyegongwa hakuwa na tamaa, alikuwa anakwenda kazini. Pesa ambazo hukuzikatia bima, yeye ndiye anazikosa.

Najua mtakaloniambia, nimeambiwa mara nyingi: "Mimi sina nyumba, sina akiba, watanichukulia nini?" Basi tufanye hesabu. Chukua mtu ambaye mahakama imemhukumu kulipa dola 400,000, bima yake imetoa 25,000, zimebaki 375,000. Sheria ya shirikisho inaruhusu mdai wa kawaida kukata hadi asilimia 25 ya mshahara uliobaki baada ya makato ya lazima. Kama unabaki na dola 3,200 kwa mwezi, hiyo ni dola 800. Gawanya. Ni miezi 468 na ushee, miaka 39, na sijaweka riba. Kwa hiyo unayo mali: mshahara wako ambao hujaupokea bado. Daktari kijana, dereva wa lori, mwanafunzi wa uhandisi anayemaliza mwaka ujao, wote wana mali hiyo.

Haki ya upande wa pili nayo niitoe. Majimbo hayafanani. Texas, Pennsylvania na Carolina zote mbili, mdai wa aina hii kwa kawaida hawezi kugusa mshahara wako. Texas na Florida zinalinda nyumba unayoishi bila kujali thamani yake. Akiba ya kustaafu ya 401(k) inalindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1974. Na ni kweli kwamba mawakili wengi wakiona mtu hana kitu wanachukua kikomo cha bima na kuondoka, na kwamba watu wengine hutangaza kufilisika, deni likafutwa. Lakini deni la kuumiza au kuua mtu ukiendesha umelewa halifutwi na kufilisika. Na mtu aliyevuka bahari na kubeba zamu za usiku miaka kumi, kumwambia kinga yake ni kubaki maskini au kufilisika, mimi siwezi.

Sasa mwavuli wenyewe. Ni bima ya dhima, yaani ya kumlipa mtu uliyemdhuru, inayokaa juu ya bima ya gari na ya nyumba, au ya mpangaji. Hizo za chini zikifika kikomo, mwavuli unaendelea. Huuzwa kwa milioni: milioni moja, mbili, tano. Familia yenye nyumba moja na magari mawili, isiyo na kijana anayeendesha wala ajali za karibuni, mara nyingi hulipa kati ya dola 200 na 500 kwa mwaka kwa milioni ya kwanza. Ni rahisi hivyo kwa sababu haianzi kulipa kuanzia dola ya kwanza. Na mara nyingi wakili wa kukutetea analipwa na kampuni nje ya ile milioni, jambo ambalo watu hawalihesabu kabisa.

Ila mwavuli una mpini. Kampuni nyingi hazikuuzii mpaka bima ya gari ifike 250/500 na dhima ya nyumba ifike 300,000. Na ukishanunua usithubutu kushusha hizo za chini ili upunguze malipo ya mwezi. Nimeona mtu ameshusha gari hadi 100/300, mwavuli wake ukimtaka abaki 250. Likitokea dai la 400,000 la mtu mmoja, gari linalipa 100,000, mwavuli unaanzia 250,000. Zile 150,000 za katikati nani anazilipa? Wewe, kutoka mfukoni, na huku una bima mbili.

Ndiyo maana nikiulizwa "ninunue?" mimi nauliza kwanza tarakimu za chini. Mwenye 25/50/25 akinijia anataka mwavuli, namwambia apandishe gari kwanza. Kwa wengine, hapo panatosha kwa mwaka huu. Kijana anayepanga chumba, hana gari, hana mbwa, akate bima ya mpangaji yenye dhima ya kutosha, mwavuli asubiri. Lakini mwenye nyumba, mwenye mtoto wa miaka 16 aliyepata leseni, mwenye bwawa au trampolini nyuma ya nyumba, mwenye nyumba ya kupangisha, huyo nikiwa na uwezo ningemsindikiza mpaka kwa wakala.

Kaka pale nyuma ameinua mkono, anauliza kuhusu kuendesha Uber. Nilitaka kulifikia. Mwavuli wa kifamilia haugusi biashara. Ukiwa umewasha programu unabeba abiria, ukiwa unalea watoto wa watu nyumbani kwa malipo, ukiwa unapika sherehe za watu kwa pesa, usiutegemee. Kila kazi ya malipo inahitaji bima yake ya biashara. Hili tafadhali lisambazeni, maana jumuiya yetu nusu inaishi kwa kazi ya pili.

Pia haukulipi wewe. Ukivunjika mguu wako mwenyewe, mwavuli haukutibu. Florida, kwa mfano, haiwalazimishi madereva wengi kuwa na bima ya kumlipa mtu waliyemuumiza. Akikugonga mmoja wao, kinachokusaidia ni kile kipengele cha dereva asiye na bima kwenye bima yako ya gari. Kampuni nyingine hukubali kukiongeza kwenye mwavuli kwa malipo kidogo. Kiulizieni kwa jina.

Mbwa anayeng'ata watu: ulizeni aina ya mbwa wenu, maana aina nyingine mwavuli hauzilipii. Kashfa: bima nyingi za mwavuli hulipa ukishitakiwa kwa kumchafulia mtu jina, na hii inawahusu wenye vikundi vya WhatsApp vya watu 400, ingawa ukisema uongo ukijua ni uongo, hulipiwi. Nilitaka kuzungumza ni milioni ngapi, lakini naona napewa ishara ya muda. Kwa kifupi: jumlisha thamani ya nyumba uliyokwisha kuilipia, akiba iliyo nje ya mafao ya kustaafu, na miaka kadhaa ya mshahara ujao. Wengi mtaangukia milioni moja au mbili.

Nitakaa ile meza karibu na mlango mpaka watufungie ukumbi. Njooni na karatasi, mje na miwani, tusome tarakimu moja moja. Mama wa mbele, wewe uanze, na hiyo yako ya 25 tuiandikie barua ya kupandishwa usiku huuhuu.