Mkono Hauna Ramani

Asanteni. Walionisikia mwaka jana wanajua ninakokwenda, basi wanivumilie. Nitalirudia hili mpaka vitabu vya shule viache kutuambia kwamba ndani ya yai lililorutubishwa mna "ramani" ya mwili. Hamna ramani. Hakuna seli iliyoandikiwa "hapa gumba, hapa kidole cha shahada".

Mwanzo wa mkono na mguu mnaujua. Kwa binadamu, siku ya 26 hivi, vichipukizi viwili vya mikono vinatokeza ubavuni mwa kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika tumboni, na siku mbili baadaye vingine viwili vya miguu chini yake. Kiinitete chenyewe wakati huo ni kifupi kuliko punje ya mchele. Ndani ya kichipukizi mna seli zinazofanana, juu kuna ngozi, na kwenye ncha ngozi hiyo imenenepa ikawa ukingo. Wiki ya 8 ikiisha, vidole vimeachana. Sasa nani aliziambia zile seli la kufanya?

Twende kwenye yai la kuku, maana halifichi kitu. Likiatamiwa siku tatu unakata kidirisha kwenye ganda na kuchungulia: moyo unadunda, mwekundu, mdogo kama nukta ya wino, na kando yake kichipukizi cha bawa ambacho bila hadubini hukioni vizuri. Unafanya kazi yako kwa sindano, unaziba kwa utepe wa gundi, unalirudisha yai kwenye joto, unasubiri. Mmarekani John Saunders alifanya hivyo, na mwaka 1948 akaeleza kwamba ukiuondoa ule ukingo wa ncha, bawa linaishia njiani. Ukiuondoa mapema, unaambulia kipande cha mfupa wa juu. Ukichelewa, unakosa vidole tu.

Hilo jepesi. Miaka ya 1950 yeye na wenzake walichukua nyama ya kichipukizi cha mguu, ile ambayo ingekuwa paja, wakaipachika kwenye ncha ya bawa, chini ya ule ukingo. Kisieni. Paja likaota kwenye bawa? Hapana. Ncha ya bawa? Hapana pia. Vikaota vidole vya mguu, na kucha zake!

Tusipite haraka hapa, huwa nawakuta watu wamesinzia palipo patamu. Nyama ile haikusahau kwamba ni ya mguu. Ila ilikusudiwa kuwa paja, kule karibu na kiuno, na sasa imejikuta mwisho kabisa, basi ikafanya kazi ya mwisho. Ingekuwa na ramani mfukoni, ingejenga paja palepale bila kumjali jirani. Badala yake seli zinaulizana zilipo, na kila moja inafuata inachosikia kwa jirani zake.

Naona kule nyuma mtu anatikisa kichwa. "Na jeni, Profesa?" Jeni zimo, sijazikana! Lakini seli ya gumba na ya kidole cha mwisho zina jeni zilezile. Zinatofautiana kwa zilizowashwa. Upande wa kidole cha mwisho kuna kundi dogo la seli linalotoa protini iitwayo Sonic hedgehog. Ndiyo, jina la mhusika wa mchezo wa video; wanasayansi nao ni watoto. Mwaka 1968, kabla protini hiyo haijajulikana, Saunders na mwenzake Gasseling walieleza walivyolipandikiza kundi hilo upande wa pili wa kichipukizi. Bawa la vidole 3 likatoa vidole 6, vimetazamana kama mtu na kioo chake. Sasa sikilizeni. Swichi inayoiwasha jeni ya protini hiyo kwenye mikono na miguu, nayo ni kipande cha DNA, iko umbali wa herufi za DNA milioni moja hivi kutoka kwenye jeni yenyewe, katikati ya jeni nyingine kabisa. Herufi moja tu ya swichi ikibadilika, mtoto aweza kuzaliwa na kidole cha ziada upande wa gumba. Herufi moja itachoraje kidole kizima, mfupa na ukucha? Haikichori. Inaifanya protini itoke mahali isipotakiwa, na seli za pale zinaitikia kama kawaida yao.

Naambiwa zimebaki dakika mbili. Haya. Seli za kati ya vidole hufa, ndiyo maana hamna utando kama wa bata. Kwa bata kifo hicho kinazuiwa. Misuli haizaliwi mkononi, seli zake zinahamia kutoka kando ya uti wa mgongo. Thalidomaidi, dawa iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa sokoni huko 1961, iliharibu mikono na miguu ya watoto waliokadiriwa kuzidi 10,000, na siku zake za hatari ni kati ya 20 na 36 hivi baada ya mimba kutunga, wakati wengi hata hawajajua kama ni wajawazito. Hilo lilistahili saa nzima.

Na kabla hamjasimama, shikeni kiwiko, kisha goti. Kimoja kimeelekea nyuma, kingine mbele. Vilianza vikielekea upande mmoja, mkono ukajizungusha huku, mguu kule. Nilikuja na picha kumi na mbili za jambo hilo, lakini mwenyekiti ameshainuka. Yule wa nyuma aanze, maana naona bado anatikisa kichwa.