Msaliti wa Nani? Kiti cha Spika Tennessee, 2005 hadi 2009

Ahsante, Mwenyekiti. Ndugu zangu, mada niliyopewa ni pana mno: vyama vya siasa na tabia ya kupima kwa mizani mbili. Nikiifuata yote tutalala hapa. Kwa hiyo nawapeleka mahali pamoja, Nashville, makao makuu ya jimbo la Tennessee huko Marekani, tarehe 13 Januari 2009.

Siku hiyo Baraza la Wawakilishi la jimbo lilikuwa linachagua Spika. Viti ni 99. Uchaguzi wa Novemba uliotangulia ulikuwa umewapa Warepublikani 50 na Wademokrati 49. Tofauti ya kiti kimoja, lakini kwao ilikuwa sherehe: tangu miaka ile iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 19, hawakuwahi kuwa na wingi katika mabaraza yote mawili kwa pamoja. Mgombea wao, Jason Mumpower, alikuwa tayari. Spika aliyekuwepo, Jimmy Naifeh wa chama cha Democratic, alikuwa amekalia kiti tangu 1991, na hesabu ilionyesha kwamba zama zake zimekwisha.

Sasa sikilizeni utaratibu, maana utamu uko hapo. Sisi hapa Tanzania, Spika tunamchagua kwa kura ya siri. Tennessee, katiba ya jimbo inataka mbunge aseme chaguo lake kwa sauti, wote wasikie. Jina lako linaitwa, unajibu. Wademokrati wakaanza kuitwa, na kila mmoja akamtaja mtu ambaye Warepublikani hawakumtegemea hata kidogo: Kent Williams. Huyu ni Mrepublikani, mwenye mgahawa, kutoka wilaya ya Carter kule milimani mashariki. Jina lake linaanza na herufi W, kwa hiyo ilibidi akae kimya akisikiliza karibu ukumbi mzima ukimaliza. Zamu yake ilipofika, akajitaja mwenyewe. Matokeo: 50 kwa 49. Waliokuwa wamekuja kushangilia wakaanza kuzomea.

Tena alikuwa ametia saini ahadi kwamba atampigia Mrepublikani. Alipobanwa, akasema ahadi ameitimiza. Kwani yeye ni nani? (Kicheko.)

Mnacheka, na mimi nilicheka nilipoisoma mara ya kwanza. Mwezi uliofuata uongozi wa chama cha Republican jimboni ukamvua uanachama. Msaliti, wakasema. Ameuza kura za wananchi waliokipa chama wingi. Wademokrati nao wakasema huo ni ujasiri, kwamba Spika ni wa Bunge zima na mbunge huru anafuata dhamiri yake.

Sasa turudi nyuma miaka miwili tu, Januari 2007, jengo lilelile, upande wa pili: Seneti. Huko Spika ana uzito zaidi, kwa sababu ndiye pia Naibu Gavana wa jimbo. Kiti hicho kilikuwa cha John Wilder, Mdemokrati, tangu 1971. Miaka 36! Kuna maseneta walizaliwa wakamkuta. Siku ya kura, seneta wa chama chake mwenyewe, Rosalind Kurita wa Clarksville, muuguzi kwa taaluma, akampigia Mrepublikani Ron Ramsey, na enzi ya Wilder ikaishia hapo. Kurita naye hakutoka mikono mitupu, alipewa cheo cha juu katika uongozi wa Seneti chini ya Ramsey.

Nani alisema msaliti safari hii? Wademokrati. Nani alisifu ujasiri na dhamiri? Mnajua jibu. Maneno ni yaleyale, yamebadilishana midomo tu.

Na ngoja, bado. Mwaka 2005 Warepublikani walikuwa na maseneta 17 kwa 16. Kwa hesabu ya chama, Wilder alipaswa kuondoka wakati huo. Alibaki, kwa sababu Warepublikani wawili walimpigia yeye. Sijaona popote Mdemokrati aliyesimama kusema jamani, hapana, wale wawili wamesaliti chama chao, turudishe kiti. Wilder mwenyewe, tangu miaka ya 1980, alidumu kwa kuchanganya kura za pande zote mbili, tena mara moja alivuka salama baada ya kikao cha maseneta wa chama chake kumteua mtu mwingine.

Mkuki kwa nguruwe. Sihitaji kumalizia.

Lakini naomba tusiishie kwenye kusema wote ni walewale. Tazameni adhabu. Agosti 2008 Kurita alisimama kwenye kura za maoni za chama chake akashinda kwa kura 19. Mpinzani wake, Tim Barnes, akakata rufaa ndani ya chama, hoja ikiwa Warepublikani walivuka kumpigia Kurita. Tennessee mpigakura hasajiliwi kwa chama, anaweza kuchagua kura za maoni za chama anachotaka, na ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Kamati kuu ya chama ikafuta ushindi huo, na uteuzi ukaenda kwa Barnes. Kurita akaenda mahakamani, hakufanikiwa. Novemba akaomba watu waandike jina lake kwa mkono kwenye karatasi ya kura, akashindwa.

Williams alinyang'anywa jina la chama, basi. Sisi, kwa Ibara ya 71 ya Katiba, mbunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama kilichomsimamisha anapoteza kiti. Yeye alibaki na kiti, akabaki na uspika. Mwaka 2010 akaenda kwa watu wake wa Carter kama mgombea binafsi, jambo ambalo hapa tumelibishania mpaka mahakamani, na wakamrudisha.

Kwa hiyo nikiulizwa nani alikosa zaidi, nasema waliofuta kura za watu. Kumkasirikia mwenzako ni haki yako. Kuzima sauti ya wapigakura kwa sababu ya hasira hiyo ni kitu kingine. Na simtetei Williams kwa ile saini yake, ule ulikuwa ujanja wa mtoto aliyeambiwa asile sukari akalamba asali.

Kuna hoja mbili hapa, zote za heshima. Moja: wananchi wamekipa chama wingi, basi chama kiongoze, na mbunge anayekwenda kinyume anawanyima walichochagua. Nyingine: Spika anasimamia Bunge zima, kila mbunge ana kura yake, asishikwe mkono na kikao cha chama chake. Mimi naegemea ya pili, na najua mwenyekiti wetu anaegemea ya kwanza, tumebishana kwenye gari kuja hapa. Hilo ni zuri. Ninachokikataa ni mtu kubeba hoja zote mbili mfukoni, akatoa moja kulingana na nani amefunga goli. Shabiki wa Simba na wa Yanga tunawasamehe kwa penalti. Mtunga sheria analipwa kwa kazi nyingine.

Na msidhani mambo haya ni ya zamani. Januari 2025 huko Texas, Dustin Burrows, Mrepublikani, alipata uspika kwa kura 85 dhidi ya 55 za mwenzake David Cook, ambaye ndiye aliyekuwa ameteuliwa na kikao cha wabunge wa chama. Katika zile 85, Wademokrati walikuwa 49 na Warepublikani 36. Mnaweza kukisia hotuba zilizofuata.

Nimalizie na picha ambayo watu huisahau. Mwezi uleule wa Januari 2009, wakati Warepublikani wanamlaani Williams kwa kuupata uspika kwa kura za Wademokrati, ng'ambo ya jengo Seneti ilimchagua tena Ron Ramsey kuwa Spika. Chama chake kilimpigia makofi. Rosalind Kurita hakuwemo ukumbini, alikuwa ameshapoteza kiti.

Ahsanteni. Naona mikono, tuanze na mama pale nyuma.