Besi Ilipokatika Barabara ya Nane

MWANAIDI: Tuko hewani? Haya. Bakari, leo nina jambo la harusini.

BAKARI: Ile ya Barabara ya Nane. Nilijua tu.

MWANAIDI: Turubai limejaa, bendi inapiga, mama wa bwana harusi yuko katikati anacheza. Mara miguu ikawa mizito. Solo linalia, mwimbaji anaimba, dramu zinapigwa, ila watu wanatazamana. Hakuna anayejua kimepungua nini. Mpaka kijana mmoja akapiga magoti nyuma ya spika, akachomeka waya, *dum!* Mama akainua mikono juu.

BAKARI: Besi.

MWANAIDI: Besi! Lile gitaa la sauti nzito ya chini. Usiku ule nikamkumbuka Keanu Reeves.

BAKARI: Da Mwana! Kutoka Ngamiani hapa Tanga mpaka kwa Keanu Reeves?

MWANAIDI: Si mpiga besi yule? Watu wanamjua wa sinema, wa Matrix, wa John Wick. Ila mwanzoni mwa miaka ya 1990 alianzisha bendi na wenzake, Dogstar. Ikaja kutulia na watu watatu: Bret Domrose gitaa na kuimba, Robert Mailhouse dramu, yeye besi. Na alivyojuana na huyo Mailhouse sasa! Walikutana dukani, mwenzake kavaa jezi ya Detroit Red Wings, timu ya hoki ya barafuni. Keanu kakulia Toronto, shuleni alikuwa golikipa wa mchezo huo. Akamsemesha kwa ajili ya jezi.

BAKARI: Jezi tu?

MWANAIDI: Jezi tu.

BAKARI: Mimi ya Coastal Union, timu yetu ya mpira, naivaa sokoni Mgandini kila Jumamosi, hajanisemesha mpiga dramu hata mmoja.

MWANAIDI: Anakusemesha nani?

BAKARI: Mzee mmoja muuza samaki, African Sports damu, watani wetu wa mji huu huu. Akiniona tu, "Wagosi hao!" Tunabishana mpaka barafu inayeyuka. Na nikimkosa wiki moja naulizia kama mzima. Marehemu baba ndivyo alivyokuwa: mwaka 1988 Coastal tulipochukua ubingwa wa nchi, nusu ya marafiki zake aliwaokota uwanjani Mkwakwani.

MWANAIDI: Basi ndiyo yale yale! Bendi inaanzia kwenye jezi.

BAKARI: Muulize muuza samaki anapiga nini.

MWANAIDI: Nitamuuliza, wallahi. Sasa ninachompendea Keanu: hakushika maikrofoni. Mtu mwenye sura ile angesimama mbele aimbe. Yeye kachagua chombo ambacho usipokisikia ndipo unakijua.

BAKARI: Hapo sikubali. Mwaka 1995 Dogstar walifungua jukwaa la Bon Jovi, bendi kubwa ya roki, kule Australia. Albamu walikuwa hawana hata moja! Kuna vijana wamepiga miaka kumi hawajaonja jukwaa lile. Asimame nyuma, asimame mbele, jina ndilo lililofungua mlango.

MWANAIDI: Mlango ulifunguka, lakini kubaki ndani je? Walisimama 2002, wakarudi, albamu ikatoka Oktoba 2023. Wakati huo alikuwa na miaka 59, pesa anayo, umaarufu anao. Anatafuta nini kama si muziki wenyewe?

BAKARI: Sijasema haupendi. Nasema nafasi. Nikuulize: bendi ya zamani ya Atomic Jazz walitoka wapi?

MWANAIDI: Tanga hapa hapa.

BAKARI: Jamhuri Jazz?

MWANAIDI: Tanga.

BAKARI: Nitajie mpiga besi wao. Yeyote.

(Kimya.)

MWANAIDI: John Kijiko namjua...

BAKARI: Kiongozi wa Atomic huyo. Nimesema besi.

(Kimya.)

BAKARI: Umeona? Tumezaliwa mji huu, nyimbo zao tumezikuta redioni. Na mpiga besi wa kwanza kupewa kipindi kizima hapa kwetu ni nyota wa sinema. Hilo linaniuma, Da Mwana. Linaniuma kweli.

MWANAIDI: Na mimi linaniuma. Lakini bila yeye leo tungezungumzia besi?

BAKARI: Tungezungumzia. Ulitoka nayo harusini.

MWANAIDI: Nilitoka nayo, nikaipitisha kwake ndipo nikaielewa.

BAKARI: Hapo ndipo tunapoachana.

MWANAIDI: Tuachane tu. Sirudi nyuma.

BAKARI: Wala mimi.

MWANAIDI: Yule kijana wa harusini, aliyechomeka waya, hata jina sikumuuliza.

BAKARI: Kumbe hujamuuliza!

MWANAIDI: Keki ilikuwa imeshaletwa... Nitampata. Bi harusi ana namba ya bendi.

BAKARI: Na karatasi yako ya mafunzo matatu kwa wanaoanzisha bendi?

MWANAIDI: Hiyo adhana ya alasiri hiyo. Mwenye chumba anataka ufunguo wake.

BAKARI: Hata la kwanza?

MWANAIDI: Hata la kwanza. Jumamosi tukutane Mgandini, uje na jezi.

BAKARI: Nakuja nayo. Na wewe uje na jina la yule kijana.