Ritifaa Ndani ya Jina la Faili: Kutunza Zana Ndogo za Mstari wa Amri

Mhadhara uliotolewa Nyegezi, Mwanza, mbele ya wanafunzi wa kompyuta na mafundi wa mifumo

Walimu wetu, kaka na dada zangu wa IT, na ninyi wanafunzi mliokosa viti mkakaa kwenye ngazi, habari za mchana. Asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie matengenezo ya programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Uwanja huo ni mpana, kwa hiyo nitabaki kwenye kona moja ninayoipenda sana: zile zana ndogo za mstari wa amri, zinazoendeshwa kwa kuandika badala ya kubofya, `ls`, `cp`, `sort`, `date`, `find`, `xargs` na ndugu zake. Kila seva ya Linux inazo. Benki wanazitumia, hospitali wanazitumia, na hakuna anayezitaja mpaka siku zinapokosea. Hoja yangu ni moja. Zipo hitilafu zinazotupata sisi wa Kanda ya Ziwa ambazo hazijawahi kumtokea mtu mwenye uwezo wa kuzirekebisha. Huyo mtu hawezi kuziona mpaka sisi tumfikishie, tena kwa namna ambayo yeye naye ataweza kuzirudia kwenye mashine yake.

Mwenye kompyuta afungue terminali, lile dirisha la kuandikia amri, tufanye pamoja. Tengenezeni folda tupu, ndani yake wekeni mafaili matatu: `Sengerema.csv`, `Misungwi.csv` na `Nyang'hwale.csv`. Hilo la tatu lifungieni ndani ya alama za nukuu mbili mnapoliandika, la sivyo terminali itakaa ikiwasubiri. Kisha andikeni:

`find . -name '*.csv' | xargs wc -l`

Hapo `find` inatafuta mafaili, alama ya | ni bomba linalopeleka majina yake kwa `xargs`, nayo inayakabidhi kwa `wc -l` ihesabu mistari. Mmeona? `xargs` imegoma. Inalalamika kwamba kuna alama ya nukuu iliyofunguliwa na haikufungwa. Alama yenyewe ni ritifaa ya Nyang'hwale. Na mkoa huu na mikoa jirani tumejaa ritifaa: majina ya watu kama Ng'wandu, majina ya vijiji, ng'ombe kwenye takwimu za mifugo. Mtu anayeandika skripti, yaani faili la amri zinazoendeshwa kwa mfuatano, mahali ambapo majina yote ni herufi tupu anaweza kumaliza miaka yake yote kazini bila kukutana na jambo hili. Sisi tunakutana nalo wiki ya kwanza.

Ofisi moja ya kanda hii, ambayo haina haja kutajwa, ilikuwa na skripti ya usiku ya kutunza nakala za akiba, faili moja kwa kila halmashauri. Skripti ilifanya kazi vizuri mpaka halmashauri yenye ritifaa ilipoongezwa. Kuanzia hapo nakala hazikukamilika. Ujumbe wa kosa ulitoka kila usiku, ukaenda kwenye sanduku la barua la seva ambalo hakuna mtu anayelifungua. Ilipogundulika, tayari diski ilikuwa imekufa.

Sasa swali la kwanza la mtunzaji yeyote, yaani mtu anayeiangalia na kuirekebisha programu: je, hii ni hitilafu ya `xargs`? Wengi mnatikisa kichwa kwamba ndiyo. Mimi nasema hapana, na hapa ndipo kazi hii inapoanza kuwa ngumu. `xargs` ilizaliwa kwenye Unix ya miaka ya 1970, na tangu zamani hizo imeandikwa kwamba alama za nukuu zina maana maalumu kwake. Inafanya kile inachosema inafanya. Kosa liko kwenye skripti iliyoipelekea majina ghafi. Dawa yake mnaijua, au mtaijua leo:

`find . -name '*.csv' -print0 | xargs -0 wc -l`

Hapo `find` inatenganisha majina kwa baiti ya sifuri, na jina la faili kwenye Unix linaweza kubeba baiti yoyote isipokuwa sifuri na mkwaju (/). Kwa hiyo hakuna jina linaloweza kuvunja utaratibu huo. Zana za GNU, mradi wa programu huria unaotoa nyingi ya zana hizi kwenye Linux, zimekuwa na swichi hizi mbili kwa miongo kadhaa. Lakini POSIX, yaani kiwango kinachoeleza zana za Unix zinapaswa kufanya nini, kilizikubali rasmi kwenye toleo la mwaka 2024. Fikirini urefu wa safari hiyo kwa jambo dogo namna hiyo.

Ngoja niongeze hatari nyingine kabla sijaendelea, maana hii inanitia hofu kuliko ile ya kwanza. Jina likiwa na ritifaa mbili, `xargs` haigomi. Mpe `Ng'ombe-wa-Nyang'hwale.csv`, naye atazihesabu ritifaa hizo kuwa jozi ya nukuu, azitoe, kisha aendelee na `Ngombe-wa-Nyanghwale.csv`. Kama amri iliyofuata ni `rm`, na kama kuna karani mwingine aliyeandika jina lile lile bila ritifaa, umefuta faili la mtu mwingine, na hakuna kosa lolote lililoonekana kwenye kioo. Zana inayogoma kwa kelele imekuheshimu. Inayokosea kimya ndiyo ya kuogopa.

Ukimya huo una mfano wa karibuni kabisa. Ubuntu 25.10 ya Oktoba 2025 ilitoka ikiwa imebadilisha zana za GNU na kuweka zile za mradi wa uutils, zilizoandikwa upya kwa lugha ya Rust. Mimi naunga mkono mradi huo, watu wake wanafanya kazi kubwa. Lakini ndani yake `date` ilikuwa inaipokea swichi ya `-r`, ambayo kazi yake ni kuonyesha faili lilibadilishwa lini, kisha inarudisha saa ya wakati huo huo. Haikulalamika. Utaratibu wa kuangalia masasisho ya kiotomatiki ulikuwa unaitegemea swichi hiyo, ukadanganyika, na kwenye baadhi ya mashine masasisho yakaacha kuangaliwa. Kama `date` ingekataa tu na kusema haiijui `-r`, kosa lingeonekana mapema.

Turudi kwenye ritifaa. Mwaka 2016 lilitoka toleo la 8.25 la coreutils, mkusanyiko wa GNU wenye takriban zana 100, `ls` ikiwa mojawapo. Kuanzia toleo hilo, `ls` ikiandika kwenye terminali huzungushia nukuu majina yenye nafasi au alama za hatari. Ndiyo maana leo mkiandika `ls` mnaona Nyang'hwale imevikwa nukuu mbili na Sengerema haijavikwa. Faida yake ni kwamba unaweza kunakili jina hilo na kulibandika kwenye amri nyingine bila kuvunja kitu. Lakini watu walikasirika mno. Walisema muonekano umeharibika, wakadai kila kitu kirudishwe kama zamani. Watunzaji walisikiliza, wakaeleza, wakaacha njia ya kuzima kwa `ls -N`, na wakaulinda uamuzi wao. Walihakikisha pia kwamba `ls` ikiandika kwenye faili au kwenye bomba la amri nyingine, hakuna nukuu zinazoongezwa, ili skripti za watu zisiguswe.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo roho ya utunzaji. Chukueni ndoo ya dagaa pale Mwaloni Kirumba. Hata kama ndoo ile haijazi vipimo vyake sawasawa, bei ya mvuvi, ya mchuuzi na ya mwenye lori la kwenda mbali zimepangwa juu ya ndoo hiyo hiyo. Ukija usiku ukaibadilisha iwe ya haki kamili, asubuhi soko zima linagombana. Zana ya mstari wa amri iko hivyo. Kila tabia yake, nzuri na mbaya, kuna mtu ameijengea skripti mahali fulani. Anayetaka kurekebisha lazima ajiulize kwanza nani atavunjika.

Basi tuseme umekutana na jambo lisilo sawa kweli kweli. Unafanyaje?

Kwanza lipunguze. Usimpelekee mtu skripti yako ya mistari mia tatu na faili la data la ofisi. Toa mstari mmoja mmoja mpaka ubaki na amri mbili au tatu ambazo mgeni anaweza kuzinakili na kuona kosa lile lile. Mara nyingi utagundua njiani kwamba kosa ni lako, na hapo umejiokolea muda na umemwokolea mtunzaji muda. Andika ulitegemea nini, ulipata nini, na toleo gani unatumia, `--version` itakuambia.

Pili, taja lugha na mkoa ambao kompyuta yako imewekewa. Hili watu wengi hulisahau, na kwetu ni kubwa. Amri `locale` itakuonyesha. `sort` kwenye mpangilio wa Kiingereza cha Marekani na `sort` ile ile ukiweka `LC_ALL=C` mbele yake zinaweza kupanga orodha yako ya wateja kwa mfuatano tofauti, na zote mbili ziko sahihi. Mtunzaji akijaribu kwenye mpangilio wake haoni kitu, atakujibu kwamba kwake inafanya kazi, na mazungumzo yamekufia hapo.

Kuna jambo jingine linalokwenda na hili, na nimeona likisumbua karibu kila ofisi niliyopita. Simu nyingi hubadilisha ritifaa nyoofu kuwa ile iliyopinda. Kwa macho ni kitu kimoja. Jaribuni:

`printf "ng'ombe" | wc -c`

Jibu ni baiti 7. Wekeni ritifaa iliyopinda, ’, jibu linakuwa 9, maana kwenye UTF-8, namna ya kawaida ya kuhifadhi herufi kwa baiti, ile iliyopinda inachukua baiti tatu. `wc -m`, inayohesabu herufi, itasema 7 kwa zote mbili iwapo kompyuta imewekwa kwenye UTF-8. Kwa hiyo karani wa Buchosa aliyejaza fomu kwa simu na karani wa Magu aliyejaza kwa kompyuta wameandika ng'ombe wawili tofauti, na `grep`, zana ya kutafuta maneno, itawapata wa mmoja tu. Nani mwenye kosa? `grep` haina kosa. Lakini ukiandika taarifa ya hitilafu bila kuonyesha baiti zenyewe, hakuna atakayekuelewa. Pitisha maandishi kwenye `od -c`, inayoonyesha baiti moja moja, ubandike matokeo.

Ukitaka kwenda mbele na kurekebisha mwenyewe, hatua si nyingi. Chukua msimbo kwa `git`, zana inayotunza historia ya msimbo, ujenge, endesha `make check` uone majaribio yote yanapita kabla hujagusa chochote. Kama toleo la zamani lilikuwa zima na jipya limeharibika, na katikati kuna mabadiliko 1,000, `git bisect` itakufikisha kwenye badiliko lenye kosa kwa majaribio kama 10. Andika jaribio linaloshindwa kwanza, halafu ndipo uandike kiraka, yaani marekebisho yenyewe. Jaribio hilo ndilo litakalobaki likilinda kazi yako baada ya wewe kuondoka. Na kama kiraka kwa mradi wa GNU kinazidi mistari kama 15, huenda ukaombwa kusaini karatasi za hakimiliki; saini, usikate tamaa.

Someni pia faili la `NEWS` la coreutils. Kwa kila hitilafu iliyorekebishwa huandikwa iliingia toleo gani, na baadhi zimeandikiwa kwamba zilikuwepo tangu mwanzo. Nayapenda sana maandishi hayo. Watu wanaandika wazi kwamba kosa lilikaa humo miaka na miaka, kila mtu akilipita. Ganda la `bash`, programu inayosoma amri mnazoandika kwenye terminali, lilibeba hitilafu ya usalama iitwayo Shellshock tangu mwaka 1989 mpaka Stéphane Chazelas alipoigundua Septemba 2014. Robo karne. Kwa hiyo msidhani kwamba zana ikiwa ya zamani na maarufu, basi hakuna kilichobaki cha kuona.

Nimalizie na watu wenyewe. Machi 29, 2024, Andres Freund, mhandisi anayefanya kazi kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, aliuarifu ulimwengu kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, zana ya kubana mafaili, yamepandikizwa mlango wa siri. Aliufuatilia kwa sababu kuingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuifikia seva kutoka mbali, kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu mtandao. Aliyepandikiza alijiita Jia Tan, na alikuwa amejipatia imani kwa zaidi ya miaka miwili kwa kutuma viraka vizuri, huku sauti nyingine zikimsonga mtunzaji wa asili, Lasse Collin, kwamba anachelewa na aongeze mtu. Collin alikuwa akiitunza zana hiyo kwa kujitolea, bila malipo.

Nawaombeni mulifikirie hilo mnapoandika taarifa yenu ya kwanza. Upande wa pili yuko mtu, pengine mmoja, pengine anasoma baada ya kazi, watoto wamelala. Usimwandikie kwa kumfokea. Usimdai tarehe. Mpe amri tatu anazoweza kunakili. Kiingereza chako kikiwa cha kuunga unga, hakuna shida, amri zinajieleza. Na akikujibu baada ya miezi mitatu akikuuliza ulikuwa unatumia toleo gani, mjibu siku hiyo hiyo, maana taarifa nzuri nyingi hufungwa kwa sababu hiyo tu: mtunzaji aliuliza swali, na aliyeileta hakurudi.