Kava la Filamu Iliyokwisha Kupendwa

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, na wenzangu wote habari za jioni. Mwenyekiti aliponiona nashuka na begi la magurudumu alidhani nimepitia hapa nikielekea safarini. Hapana. Humu mna makasha ya filamu, na mengi nitakayoyasema nitayatoa humu humu.

Nianzie dukani. Miaka ya tisini, nikiwa kijana, nilishika kazi ya jioni kwenye duka la kukodisha kanda za video pale Tanga. Kanda zenyewe zilikaa nyuma ya kaunta, kwenye makasha meusi yenye namba. Kava zake tulizibandika ukutani na dirishani ili mteja achague kwa macho. Jua la Tanga mnalijua. Kwenye karatasi zile wekundu ndio uliotangulia kuondoka, njano ikafuata, ikabaki buluu. Haukupita mwaka dirisha zima likawa buluu: karate buluu, Kihindi buluu, vita buluu, hata mapenzi buluu. Na bado watu waliingia, wakanyoosha kidole: "Nipe ile ya jamaa mwenye upanga." Kava lilikuwa na kazi moja, kumwita mpita njia. Likishamwita, basi.

Nimeanza huko kwa sababu ugomvi wa wakusanyaji wa filamu za zamani juu ya makava, ugomvi ambao mimi mwenyewe nimo ndani yake kwa miaka, chanzo chake ni hicho. Mtu anayenunua leo filamu ya Casablanca ya mwaka 1942 kwenye Blu-ray, diski iliyokuja baada ya DVD, hakuitwa na dirisha la mtu. Anaijua. Ameiona mara kumi, anayo kwenye DVD, na kabla ya DVD alikuwa nayo kwenye kanda. Kava halina wa kumwita. Sasa lifanye nini?

Makampuni mengi makubwa hata hayajiulizi. Yanaendelea kuita. Ndiyo maana tunaletewa kile ambacho wakusanyaji wanakiita vichwa vinavyoelea: nyuso mbili tatu za waigizaji, zimekatwa kutoka picha tofauti, huyu mwanga unampiga kutoka kushoto, yule kutoka kulia, wote hawana mabega, na chini yao mji unaungua. Sisi tulionunua zile diski za filamu ishirini kwa moja pale Kariakoo tunaijua sanaa hii ilipofikia kilele chake. Nilikuwa na moja yenye vichwa tisa na helikopta. Nilitazama filamu zote ishirini, helikopta ile sikuiona. Lakini ile siilaumu hata kidogo, maana iliuzwa barabarani, mikononi mwa kijana anayekimbizana na daladala. Ilihitaji kupiga kelele. Filamu ya mwaka 1942 inayouzwa kwa mtu aliyeiagiza kwa jina inampigia kelele nani?

Waliolijibu swali hili mapema ni Criterion wa Marekani, kampuni inayotoa filamu za zamani kwa ajili ya wakusanyaji. Walianza mwaka 1984 na LaserDisc, zile diski za sentimita 30, upana uleule wa santuri, wakitoa Citizen Kane na King Kong. Kwenye kasha la ukubwa ule msanifu alikuwa na uwanja wa kuchezea. Mwaka 1998 wakaingia kwenye DVD, na Blu-ray ilipokuja kasha likapungua tena kimo. Pimeni wenyewe hapa mezani: uso wa kasha la Blu-ray ni sentimita 13 kwa 17, chini kidogo ya robo ya uwanja ule wa zamani. Kelele zinazofaa kwenye bango la sinema, ukizibana kwenye robo hiyo, zinakuwa fujo. Mchoro mmoja uliotulia unapona.

Tena kila filamu waliipa namba yake kwenye mgongo wa kasha. Jambo dogo, lakini hapo walitupata. Namba 2 ni Seven Samurai ya Kurosawa. Namba 1 ni Grand Illusion ya Renoir, ambayo haikutoka ya kwanza: ilisubirishwa hadi mwaka 1999 kwa kuwa ilipatikana negativu bora zaidi, yaani ule mkanda wa asili ambao nakala hutolewa, wenzake wakatangulia sokoni, pengo likabaki kwenye rafu za watu. Mtu mwenye akili timamu hawezi kuumia kwa pengo la namba moja. Wakusanyaji waliumia. Na mimi, niseme ukweli mbele ya wazee, nimewahi kununua filamu nisiyoipenda ili kuziba pengo kati ya namba mbili.

Sasa nije kwenye kambi kubwa mbili. Kambi ya kwanza inasema: filamu ya zamani ivae bango lake la zamani, yamekwisha. Kila mchoro mpya kwao ni kama kumpaka babu hina ndevuni bila idhini yake. Ya pili inasema bango la zamani tumelichoka, leteni mchoraji wa leo atuonyeshe alichokiona yeye.

Kwa muda mrefu nilikuwa kambi ya kwanza. Kilichonitoa ni kulichunguza bango lenyewe. Bango la Casablanca ni la msanifu Bill Gold, kijana mwenye umri wa miaka ishirini na kitu wakati huo, na lilikuwa miongoni mwa kazi zake za mwanzo kabisa. Alipanga nyuso za waigizaji kwa nyuma, na Bogart, nyota wa filamu, mbele na kofia yake. Wakubwa wakasema linahitaji msisimko zaidi. Ndipo bastola ikaingia mkononi. Leo mkusanyaji anaitetea bastola ile kama vile imeshuka na filamu kutoka mbinguni, kumbe iliwekwa na watu wa mauzo, kwa sababu ileile ya helikopta ya Kariakoo. Bango la asili nalo lilikuwa tangazo. Tofauti ni kwamba muda umepita, tukalizoea, tukalipenda.

Na msiniambie kwamba kinachohitajika ni mchoraji aliyeitazama filamu kwanza. Nami niliiamini kauli hiyo, nikaihubiri, mpaka nikakutana na habari ya bango la The Thing, filamu ya kutisha ya mwaka 1982. Mchoraji wa mabango Drew Struzan alipigiwa simu, hakuonyeshwa filamu wala picha. Alivaa koti zito yeye mwenyewe, mkewe akampiga picha, akachora usiku kucha. Asubuhi tarishi anafika kuchukua, rangi bado mbichi. Mtu kwenye theluji, na mahali pa uso pana mwanga tu unaochoma. Filamu nzima imo pale: humjui aliye mbele yako ni nani. Hakuiona hata dakika moja.

Kwa hiyo sina kanuni ya kuwapa. Nina mifano. Anatomy of a Murder, 1959, kesi ya mauaji mahakamani. Kwenye bango lake msanifu Saul Bass akatengeneza mwili wa mtu uliokatwa vipande kama karatasi ya rangi iliyokatwa kwa mkasi, basi. Hakuna uso wa James Stewart, na Stewart alikuwa nyota hasa. Criterion walipoitoa mwaka 2012 hawakutafuta la kuongeza, walimrudia Bass. Lisogezeni karibu mlione. Vile vipande havigusani. Ukimaliza filamu unavirudia vipande vile na unaanza kujiuliza kama kesi yenyewe iliungana au iliachwa na nyufa zake. Hii ndiyo kazi ninayoidai kwenye kava la filamu niliyokwisha kuipenda: nikilitazama baada ya filamu, liwe bado lina la kuniambia.

Ugomvi wenyewe wa kambi mbili, ajabu, ulipata dawa kwa njia ya karatasi tu, na kipande cha dawa hiyo kilitoka kwa serikali. Mwaka 2008 Wajerumani walirekebisha sheria yao ya kuwalinda vijana. Alama ya umri ikatakiwa iwe mbele ya kasha, chini kushoto, isipungue milimita za mraba 1200. Hiyo ni karibu sentimita tatu na nusu kila upande. Buluu kwa miaka 16, nyekundu kwa 18. Hebu fikiri bango la Metropolis, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1927, bango la Heinz Schulz-Neudamm, lile ambalo nakala yake iliuzwa mwaka 2005 kwa dola 690,000, kisha kwenye kona unalibandika mraba wa rangi kama alama ya barabarani. Wakusanyaji wa Ujerumani walipiga mayowe. Wauzaji wakatii sheria upande wa mbele, na nyuma ya karatasi ileile wakachapa kava jingine bila alama. Unanunua, unafika nyumbani, unachomoa karatasi, unaigeuza.

Waingereza wa Arrow, kampuni nyingine ya kutoa filamu kwenye diski, walifika palepale kwa mlango mwingine. Makasha yao ya mwanzo yalikuwa na dirisha lililokatwa kwenye boksi, na michoro minne ndani, uchague wa kuonekana. Baadaye wakatulia kwenye karatasi ya pande mbili: upande huu mchoro mpya walioagiza, upande wa pili bango la zamani. Kambi zote mbili zikanunua kasha moja na kwenda kugombania mambo mengine.

Mambo hayo mengine ni ukubwa na mahali diski inapolala, na hapa sina uvumilivu. Mwaka 2019 Criterion walifikia namba 1000. Wakaipa Godzilla: filamu 15, kuanzia ya mwaka 1954 hadi ya 1975, diski nane, ndani ya kitabu kikubwa chenye jalada gumu. Kava lilichorwa na Yuko Shimizu, na kila filamu ikapewa mchoro wake. Ni kitu kizuri mno. Wengi waliokinunua walikisifia kwa pumzi moja, na pumzi ya pili wakaanza kulalamika: hakisimami kwenye rafu yoyote ya filamu, na diski zimechomekwa kwenye mifuko ya karatasi ngumu, kila ukichomoa unazikwangua.

Mifuko hiyo naijua. Seti nyingine, ya kampuni ambayo sitaitaja, iliniuguza moyo. Gundi ya mfuko ilikuwa imevuja ukingoni, ikakaa kwenye diski kama ute wa konokono. Filamu inakwama dakika ya 52, kila mara palepale, mama wa watu amefungua mdomo kusema jambo ambalo mpaka leo sijalisikia. Niliandika barua pepe tatu. Na sisi tunaokaa pwani tuna adui wa ziada: unyevu. Karatasi ngumu inavimba, inaota ukungu. Yale makasha ya mwanzo ya DVD ya Warner, mbele karatasi na ubavuni kibanio cha plastiki, wenzetu wa Marekani waliyachukia kwa kuchakaa pembe. Pwani hii yanajikunja kama chapati.

Kasha la bati je? Zuri, linang'aa, na likianguka mara moja linabonyea milele. Halina nafasi ya karatasi ya kugeuza, kwa hiyo ukichukia mchoro umeuchukia moja kwa moja. Ninayo mawili tu.

Muda wangu naona umekwisha, mwenyekiti ameshaangalia saa mara mbili. Makasha ni haya kumi na moja, nimeyapanga mezani. Karibuni mgeuze karatasi mnavyotaka, mniachie upande mlioupenda, nitahesabu. Ila aliyetoka kula mishikaki anawe kwanza, na diski ishikwe ukingoni.